Malaika Aliingia Nyumbani: Namna Kristu Alivyopokelewa Kisangani



Katika siku za jubilei watu hupenda kuhesabu. Tunahesabu miaka, tunahesabu waliobatizwa na waliofunga ndoa, tunahesabu hata matofali ya kanisa na mabati yake. Hesabu hizo ni nzuri, nazo zina mahali pake katika kitabu hiki. Lakini sisi makatekista tumeombwa kuandika jambo lingine: namna watu wa Kisangani walivyomtafuta Mungu, na namna walivyompokea Kristu katika maisha ya kila siku. Kazi hiyo si nyepesi. Madaftari ya parokia yanaandika yaliyotendeka kanisani. Yaliyotendeka jikoni, mtoni na sokoni hakuna aliyeyaandika. Basi tumejaribu kuunganisha yale yaliyoandikwa, yale tuliyosimuliwa na wazee wetu, na machache tuliyoyaona kwa macho yetu wenyewe.

1. Gabrieli na milango miwili

Parokia zote za Kisangani ni watoto wa misioni moja, misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Inafaa basi kuanza na msimamizi wa mama yetu huyo. Mwinjili Luka anatufundisha kwamba malaika Gabrieli alitumwa mara mbili. Mara ya kwanza alimkuta Zakaria, kuhani mzee, ndani ya hekalu, saa ya kufukiza ubani. Mahali palikuwa patakatifu, mtu alikuwa mwenye cheo, sala ilikuwa imeandaliwa vizuri. Hata hivyo Zakaria hakusadiki, akatoka nje akiwa bubu. Mara ya pili malaika aliingia nyumbani kwa msichana mmoja wa Nazareti, kijiji kisicho na sifa. Msichana huyo aliuliza swali moja tu, kisha akakubali. Na Mwana wa Mungu akawa mtu.

Hatusemi kwamba hekalu ni bure. Yezu mwenyewe alitolewa hekaluni, na huko alirudi mara nyingi kusali na kufundisha. Twasema tu kwamba hekaluni habari njema ilipata shaka, na nyumbani ilipata mahali pa kukaa. Tulipotazama historia ya mji wetu tuliona jambo hilohilo likirudi mara kwa mara: kila kanisa lilipokosekana au lilipofungwa, Kristu alitafuta nyumba, na mara nyingi aliipata.

2. Noeli ya mwaka 1897

Mji wetu ulianza kando ya maporomoko, kwa Wagenia na mitego yao ya samaki. Mwaka 1883 Stanley aliacha kituo kwenye kisiwa kimoja cha maporomoko hayo, na mahali hapa pakaitwa kwa jina lake mpaka mwaka 1966, jina Kisangani lilipowekwa rasmi. Siku zile wenye nguvu walikuwa watu wa Tippo-Tip, wafanya biashara ya pembe na ya watumwa. Mwaka 1887 mkubwa wao huyo aliwekwa kuwa gavana wa maporomoko kwa niaba ya Mfalme Leopold II. Watu wake waliitwa Wangwana, na kutoka kwao tumepata lugha yetu, Kingwana, maana yake lugha ya waungwana, watu walio huru. Inafaa kutua kidogo hapa na kufikiri. Lugha ya watu huru ilifika mtoni pamoja na watu waliofungwa minyororo. Na katika lugha hiyohiyo wazee wetu walijifunza kumwita Mungu Baba.

Aliyewafundisha kwanza alikuwa Padri Gabriel Grison, Mfaransa wa shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, lililoanzishwa na Padri Léon Dehon mwaka 1878. Kabla ya kuja Kongo alikuwa mmisionari katika Ekwado, Amerika ya Kusini, na mwaka 1896 yeye na wenzake walifukuzwa huko. Basi aliyetuletea habari njema alikuwa mtu aliyekwisha kufungiwa mlango mahali pengine. Alifika kwetu mwaka 1897, na tarehe 25 Desemba ya mwaka huo, siku ya Noeli, inahesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1904 nchi yetu ilifanywa Prefektura ya Kitume; mwaka 1908 ikawa Vikarieti, na Grison akawa askofu wetu wa kwanza. Aliacha uongozi mwaka 1933, akafa mwaka 1942.

Hatufichi kwamba siku zile zilikuwa siku za Bula Matari, za mpira wa lazima na za kiboko. Watu wengi, walipomwona mzungu mwenye kanzu, hawakuweza mara moja kumtofautisha na mzungu mwenye bunduki. Kati ya wakristu wa kwanza walikuwako watoto waliokombolewa utumwani, wasio na baba wala mama wa kuwapokea. Walikuja misioni wakitafuta chakula na usalama kabla ya kumtafuta Mungu. Tusiwadharau kwa sababu hiyo. Makutano waliomfuata Yezu jangwani walikula mikate kwanza, na wengi wao hawakuelewa mpaka baadaye.

Tena, padri alipita vijijini mara chache kwa mwaka, kwa miguu au kwa mtumbwi. Aliyebaki ni katekista pamoja na mke wake. Nyumba yao ilikuwa kanisa, shule, na mara nyingi nyumba ya wagonjwa. Watu wa kijiji hawakusoma Injili. Walisoma nyumba ile. Walitazama kama mume anampiga mke. Walitazama kama mgeni anapewa ugali na samaki, au anaambiwa kwamba chungu ni kitupu. Walitazama yatima anakula wapi na analala wapi. Kisha wakaamua kuomba ubatizo au kutouomba. Hiyo ndiyo katekisimu ya kwanza ya nchi yetu, na haikuchapwa katika kitabu chochote.

3. Mwaka 1964: wachungaji wanapokosekana

Tarehe 10 Novemba 1959 Stanleyville ilifanywa Jimbo Kuu. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu wa sita, walichagua njia ya jumuiya hai za msingi, yaani Kanisa lililo karibu na nyumba za watu. Wengi walidhani hilo ni neno la karatasi. Miaka mitatu baadaye neno hilo lilipimwa katika moto.

Mwezi wa nane 1964 Wasimba waliuteka mji, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka. Katika miezi ile na majuma yaliyofuata wakongomani wengi waliuawa, wengine na upande huu, wengine na upande ule. Shirika la Padri Dehon pekee lilipoteza watawa zaidi ya 20 katika nchi yetu, na mmoja wao ni Askofu Joseph Wittebols wa Wamba. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, huko Isiro, aliuawa Sista Anuarite Nengapeta, ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Majina ya watawa hao yamechongwa kwenye mawe, nasi tunayaheshimu. Lakini wazee wetu walitusimulia pia habari ya watu wasioandikwa popote. Misioni nyingi zilibaki bila padri. Hapakuwa na Misa, hapakuwa na kitubio. Akina mama walibatiza watoto waliokuwa karibu kufa. Makatekista walizika wafu kwa sala chache za haraka, kwa sababu kuonekana mahali pamoja watu wengi kulikuwa hatari. Jamaa walisali rozari usiku kwa sauti ya chini, mtoto mmoja akikaa mlangoni kusikiliza nyayo za watu. Mapadri waliporudi walikuta kanisa zilizovunjwa, lakini waliwakuta wakristu. Mwaka 1967 Jimbo Kuu lilipata Askofu Mkuu wake wa kwanza mwana wa nchi, Monsenyere Augustin Fataki Alueke, naye aliliongoza mpaka mwaka 1988. Alijenga upya juu ya msingi uliolindwa na watu hao wasio na jina.

4. Mwaka 1974: Noeli siku ya kazi

Jaribu lililofuata halikuja na bunduki. Lilikuja na amri. Tangu mwaka 1972, kwa ajili ya siasa ya uhalisi, majina ya kikristu yalikatazwa, na vyama vya vijana vya Kanisa vilivunjwa. Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika orodha ya sikukuu za taifa, shule zikachukuliwa na Serikali, na misalaba ikaondolewa katika nyumba za umma. Mahali pake palitundikwa picha ya Rais Mobutu. Somo la dini darasani lilibadilishwa kuwa somo la siasa. Ni mwaka 1977 tu ambapo shule zilirudishwa kwa mapatano kati ya Serikali na makanisa.

Tarehe 25 Desemba 1974 ilikuwa Jumatano. Wazee wetu wanasimulia kwamba asubuhi ile waliamka na kwenda kazini kama siku yoyote. Karani alikwenda ofisini, mwalimu alikwenda shuleni, na aliyekosa alijua kwamba atahesabiwa mkaidi. Wengine walihuzunika sana, wakisema: Noeli yetu imekufa. Lakini mzee mmoja katekista, aliyetufundisha sisi tulipokuwa bado watoto, alizoea kutuambia namna alivyotulizwa moyo siku ile. Alikumbuka kwamba Noeli ya kwanza nayo ilikuwa siku ya kazi. Yosefu na Maria walikuwa njiani kwa amri ya kaisari. Wachungaji walikuwa zamu ya usiku. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kupumzika kwa sababu Mwokozi anazaliwa. Akasema: tulikuwa tumezoea kumpokea Yezu kwa nguo mpya na kuku mezani, mwaka ule tulimpokea tukiwa na mikono michafu, naye hakukataa.

Katika miaka ile jina la ubatizo liliitwa nyumbani. Msalaba ulioondolewa ukutani mwa shule ulibaki ukutani mwa chumba cha kulala. Mama alimfundisha mtoto sala za asubuhi, kwa kuwa mwalimu hakuweza tena kumfundisha. Na jumuiya hai za msingi, zilizokuwa changa, zikaanza kukutana kwa nguvu, leo kwa fulani, juma lijalo kwa fulani, wakisoma Injili na kuulizana nani ni mgonjwa na nani hana chakula. Amri iliyotaka kumtoa Kristu katika mji ilimsukuma ndani ya nyumba.

5. Juni 2000: aliyepiga mlango

Hapa tunaacha masimulizi ya wazee, tunaingia katika yale tuliyoyaona.

Toka tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana katikati ya mji wetu. Vita hiyo tunaiita Vita ya Siku Sita. Mabomu yalianguka mchana na usiku. Maji yalikatika, umeme ulikatika. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walihesabu baadaye raia zaidi ya 760 waliouawa, wapata 1.700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4.000 zilizoharibiwa. Siku hizo zilikuwa siku za novena ya Roho Mtakatifu, maana Pentekoste ya mwaka ule ilikuwa tarehe 11 Juni. Kama mitume, watu wa Kisangani walikuwa wamejifungia kwa hofu.

Sisi tulikuwa kijana, tumetoka seminari ndogo si zamani. Nyumba yetu, katika komini ya Tshopo, ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nayo ilisimama. Tulikaa chini sakafuni, magodoro yamewekwa dirishani, tukisali rozari. Siku ya tatu jioni mtu alipiga mlango. Hakubisha hodi, alipiga kwa viganja vyote viwili. Na sisi, tuliosoma Kilatini, tuliojua Injili karibu kwa moyo, tulisema: tusifungue, huenda ni askari. Tulisema hivyo rozari ikiwa mkononi. Baba alinyamaza. Mama yetu, aliyesoma miaka miwili tu ya shule, aliinuka, akaondoa ubao, akafungua.

Alikuwa jirani wa mtaa wa nyuma, mama mwislamu, na watoto wawili. Ukuta wa nyumba yao ulikuwa umeanguka. Mama aliwaketisha kati yetu, akawagawia maji yaliyobaki katika bidoni, kikombe kimoja kimoja, kama alivyotugawia sisi. Kisha aliendelea na rozari palepale tulipoachia. Yule mama mgeni alisali sala zake kimya, uso wake ukielekea ukuta. Walikaa nasi mpaka Jumamosi. Jumapili ya Pentekoste, mabomu yaliponyamaza, wanaume wa mtaa walitoka, wakristu na waislamu, kwenda kuzika wafu.

Tunayaandika haya bila kujisifu, kwa sababu hatuna la kujisifia. Kila mwaka tunapowafundisha wakatekumeni habari ya Zakaria na ya Maria, tunajua katika usiku ule sisi tulikuwa upande gani. Tulikuwa tunasali, na aliyetafutwa na sala yetu alikuwa nje, akipiga mlango. Asante kwa Mungu, nyumbani mwetu alikuwako mtu aliyesikia.

6. Na sisi wa leo?

Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa Korona, kanisa zote za nchi yetu zilifungwa toka mwezi wa tatu mpaka tarehe 15 Agosti. Pasaka ile tuliisali nyumbani. Jamaa nyingine zilifaulu: baba alisoma Injili, watoto walijibu zaburi, na meza ya chakula ikawa altare ndogo. Jamaa nyingine zilikaa kimya, hazikujua waanze wapi. Tuligundua kwamba katika nyumba nyingi Kristu alikuwa ni mtu wa Jumapili tu, anayetembelewa kwake, asiyekaribishwa kwetu. Tulipofunguliwa kanisa tulifurahi, na ni haki. Lakini wengine wetu tulirudi haraka mno, tukamwacha tena palepale.

Kumpokea Kristu katika maisha ya kila siku si neno la mafumbo. Muuza mchele sokoni anampokea katika kipimo chake, kama anakijaza sawasawa au anakipigapiga chini yake ili kiwe kidogo. Kijana wa toleka anampokea anapombeba mgonjwa usiku bila kupandisha bei. Baba anampokea anaporudi na makuta ya mwezi nyumbani, yakiwa bado mengi. Karani anampokea anapotoa hati bila kuomba kitu chini ya meza. Mambo hayo ni madogo, lakini nyumba ya Nazareti nayo ilikuwa ndogo.

Na liko jambo moja ambalo jubilei hii haitakuwa na ukweli tukilinyamazia. Ndugu, katika masoko yetu wanalala watoto. Baadhi yao hawakupotea, wala hawakukimbia. Walifukuzwa na ndugu zao wenyewe kwa kusingiziwa ulozi, mara nyingi baada ya kufiwa na baba au mama. Na tuseme ukweli: baadhi ya nyumba walikofukuzwa zina msalaba ukutani. Misioni yetu ilianza na watoto wasio na wa kuwapokea. Je, sisi wajukuu wa watoto wale, tuliofikia jubilei, ndio tutakaowafungia wenzao mlango?

Kwa hiyo, sisi makatekista tunaomba jambo moja kwa kila jumuiya hai ya msingi. Katika mwaka huu wa jubilei, kabla ya kutoa mchango wa rangi ya kanisa, kila jumuiya imtafute mtoto mmoja aliyefukuzwa, izungumze na jamaa yake, wazee wakae pamoja nao mara moja, mara mbili, mara kumi ikiwa lazima, mpaka mlango ufunguliwe. Na kama jamaa imekataa kabisa, jumuiya imtafutie nyumba nyingine. Ukuta unaweza kungoja rangi yake.

Mungu tunayemtafuta hayuko mbali. Yuko mlangoni, na anaweza kupiga kwa kiganja cha mtu tusiyemngojea. Tumwombe Mtakatifu Gabrieli, msimamizi wa misioni mama yetu, atuombee tusiwe bubu hekaluni. Tumwombe Bikira Maria wa Rozari, ambaye kanisa letu kuu limewekwa chini ya ulinzi wake, atufundishe kuinuka na kufungua. Na wale wote waliofungua milango yao katika mji huu tangu mwaka 1897, wenye majina na wasio na majina, Bwana awafungulie mlango wake.

Amina.